Tisa kwa Kumi

Uzi wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Wa nailoni, umechomekwa kwenye kijiti cha plastiki. Ukiukuta mezani ungedhani umenyofoka kwenye brashi ya nguo, ukautupa. Lakini uzi huo ulimtoa jasho shemeji yangu, mtu aliyetembea kazini miaka thelathini na moja, mvua na jua, bila kumwogopa mbwa wala mwenye mbwa.

"Fumba macho, baba," muuguzi alimwambia. "Nikikugusa ukahisi, sema ndiyo. Usipohisi, nyamaza tu. Huu si mtihani, hakuna kufaulu wala kufeli."

Mambo mengine yote aliyotuambia yule mama yalikuwa kweli. Hilo peke yake halikuwa kweli. Aligusa sehemu kumi za unyayo wa kulia, mimi nikiwa kwenye kiti pembeni nahesabu kwa vidole. Shemeji alisema ndiyo mara tatu, na moja kati ya hizo tatu uzi ulikuwa bado uko hewani.

Muuguzi akaandika kwenye faili, kisha akavua miwani. Mtu wa hospitali akivua miwani, ujue habari si nzuri.

"Mishipa ya fahamu ya miguu yako imeharibika," alisema. "Sukari imeitafuna kidogo kidogo, miaka yote hiyo kumi na moja ya ugonjwa. Ndiyo maana miguu inawaka moto, na ndiyo maana haisikii ikiguswa."

"Sasa inawakaje kama haisikii?" shemeji aliuliza. "Si ichague moja, Sista?"

"Ingechagua ningeshukuru. Maumivu na ganzi ni mambo mawili, baba, usiyachanganye. Mguu unaweza kukuliza usiku mzima, na asubuhi ukakanyaga msumari ukadhani ni zulia."

Akatupangia. Vidonge vya maumivu kila jioni. Nyayo ziangaliwe kila siku, na kama mwenyewe hawezi kuinama aangaliwe na mtu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Asiingize mguu kwenye maji ambayo hayajapimwa na mtu mwingine kwa kiwiko. Kulikuwa na viatu maalumu, vinakuja vichache kwa mwaka, na alikuwa amekwisha kumwandika kwenye orodha. La mwisho akalisema polepole.

"Urudi baada ya miezi mitatu. Nikikuta hivi hivi au pamezidi, nitaandika barua kazini kwako wakupe kazi ya kukaa."

Tulipotoka nje shemeji alisimama kwenye ngazi za hospitali akiangalia viatu vyake, kama mtu anayeangalia watoto waliomtia aibu mbele ya wageni.

Watu walimwita Mita. Alikuwa msoma mita za maji, mume wa marehemu dada yangu, na ndiye mtu pekee niliyemjua aliyekaribishwa chai na watu waliojua fika kwamba nyuma yake inakuja bili. Mitaa sita, nyumba mia mbili na arobaini, zote kwa mguu. Anainua mfuniko wa chuma kwa ndoano, anapiga goti, anafuta kioo kwa kidole, anasoma, anaandika, anafunga. Kwenye mtaa wa tatu kulikuwa na mbwa mkubwa kiasi kwamba kivuli chake nacho kilikuwa kinang'ata; Mita alipita pale akimwita mkwe, na mbwa anatikisa mkia.

Namba zilimwambia mambo ambayo watu hawakumwambia. "Zikipanda ghafla," alipenda kusema, "kuna mtoto mchanga, nepi zinafuliwa. Zikishuka, kuna mtu kaondoka." Dada yangu alipofariki, mwisho wa mwezi Mita alifika kwenye lango lake mwenyewe, akapiga goti, akafuta kioo. Alikaa pale chini muda mrefu. Baadaye aliniambia, "Shemeji, maji yamepungua nusu." Ndivyo alivyonisimulia msiba, hakurudia tena.

Kwa hiyo nilijua kazi ya kukaa ingemfanya nini. Ofisi ya maji ina chumba cha nyuma, kina mafaili, feni isiyozunguka na mzee mmoja anayesinzia. Mimi nilikuwa fundi bomba wa ofisi hiyo hiyo mpaka nilipostaafu, na nilikiona kile chumba kikimeza watu. Mtu anaingia na nywele nyeusi, saa sita mchana anatoka na mvi.

Jina langu la mtaani ni Chumvi. Wenye wivu husema ni kwa sababu ya hadithi zangu.

Basi tukaanza maisha ya miguu. Kila jioni nilivuka barabara kwenda kwake. Ananyoosha miguu juu ya kigoda, mimi navaa miwani, natazama kati ya vidole, chini ya kisigino, pembeni.

"Unaona nini?"

"Naona ramani ya dunia. Hapa pana bahari."

"Angalia kwa makini, we mzee."

"Bahari ina meli. Nahodha anakusalimia."

Alikuwa anacheka, lakini nikigusa kwa bahati mbaya upande wa juu wa mguu anaruka kama ameunguzwa na pasi. Shuka lenyewe lilimshinda. Tulikata boksi la kadibodi pande mbili, tukaliweka miguuni mwa kitanda, shuka likapita juu yake kama hema, miguu ikalala ndani bila kuguswa na kitu. Alisema maumivu yale ni sisimizi waliovaa viatu vya misumari, wanapiga gwaride kutoka vidoleni hadi kwenye fundo la mguu. Vidonge vilipunguza gwaride, lakini asubuhi viliacha kichwa kizito kama mfuko wa saruji, akawa anaanza kazi saa nzima baada ya wenzake. Maji ya kuoga niliyapima mimi kwa kiwiko. Nilipima mpaka nikajiona mpishi.

Siku ya kurudi kliniki ilipokaribia, utani ukamwisha. Wiki mbili kabla, aliniomba nimguse unyayo kwa unyoya wa ufagio, akiwa amefumba macho. Nikamgusa mara kumi. Alisema ndiyo mara mbili. Nikamwambia nne.

"Usinidanganye."

"Mbili."

Akafumbua macho. "Barua itakwenda, shemeji. Nitakufa mle chumbani. Sisemi kwa mfano, nasema nitakufa."

Wazo likanijia, na naapa lilikuja likiwa limevaa nguo nzuri. Nikamwambia: vidonge vinakutia kizunguzungu, au sivyo? Basi mimi nitasimama nyuma yako nikushike bega usije ukaanguka. Muuguzi akigusa, nabonyeza kwa dole gumba. Unasema ndiyo.

Mita alinitazama. "Wewe dada yako alinionya."

"Alikuonya nini?"

"Kwamba siku moja utanifanya nicheke mahakamani."

Tukafanya mazoezi sebuleni jioni tatu. Tukapatana asifunge kumi kwa kumi, maana kumi inanuka. Moja aikose makusudi, ya tano au ya sita, ili ionekane ya haki.

Siku ya kliniki nilisimama nyuma ya kile kitanda nikiwa na uso wa mtu aliyekwenda kuomba baraka. Muuguzi aliinama na uzi wake. Alikuwa na mikono mizuri yule mama, haina haraka. Anagusa, uzi unajikunja kidogo, anatoa. Nikabonyeza. "Ndiyo." Nikabonyeza. "Ndiyo." Ya nne, uzi ulipogusa chini ya kidole kikubwa, dole langu nikalizuia. Sikupanga. Nilitaka tu kujua. Uzi ulijikunja mpaka ukafanya upinde, nikasubiri, na Mita alikuwa kimya kama ukuta, macho yamefumba, anasubiri bega lake. Nikabonyeza. "Ndiyo." Ya saba nikafanya tena hivyo hivyo. Kimya kile kile.

"Tisa kwa kumi," muuguzi alisema. Akavua miwani, safari hii kwa furaha. "Baba! Wewe ni wa kwanza kwangu kurudi juu namna hii. Unafanya nini nyumbani?"

"Naangaliwa," Mita alijibu.

Akatushika mikono wote wawili. Alisema barua haina haja. Alisema kwa kuwa miguu imepata nafuu, atampa mama mmoja mwenye kidonda ile nafasi ya viatu, na kwamba hatuna sababu ya kusumbuka kuja baada ya miezi mitatu, tuje baada ya sita. Mita akatikisa kichwa kukubali kila kitu. Nami nikatikisa changu. Lile la viatu lilinichoma kidogo, lakini ungesemaje pale?

Njiani tulicheka mpaka tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Nilimsimulia mpita njia mmoja, ambaye hakuniuliza, kwamba shemeji yangu ametibiwa na daktari kutoka ng'ambo anayeotesha miguu mipya kama magimbi. Mpita njia akataka anwani.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeisimulia kila mahali.

Kilichofuata sikukitegemea. Mita alianza kuamini. Kwanza ilikuwa utani: "Usiniambie kitu mimi, mimi ni tisa kwa kumi." Kisha siku moja, nikiwa nimevaa miwani tayari, akavuta miguu yake nyuma.

"Leo acha, shemeji. Nimechoka kuwa mtoto."

"Sista alisema kila siku."

"Sista alisema nina nafuu. Na kweli ninayo. Nakwambia usiku inauma zaidi kuliko zamani. Kitu kilichokufa hakiumi. Kinachouma kipo hai." Akasogea mbele, akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Halafu kuna jambo sikukwambia. Siku ile kliniki, zingine nilizihisi mwenyewe. Kabla hujabonyeza. Nilikuwa nasubiri dole lako kwa heshima tu."

Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu dada yangu azikwe. Ilikuwa namna ya mtu anayeomba kitu kidogo sana.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimelizuia dole mara mbili na mara zote mbili nilimsikia akinyamaza. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno manne au matano.

"Hata mimi niliona," nikasema.

Nimesema uongo mwingi duniani. Nimewahi kuwaambia watu kwamba bomba lilipasuka likarusha ng'ombe hadi juu ya paa, na kwamba alipoteremshwa alikuwa amezoea akakataa majani ya chini. Uongo wote huo ulikuwa mrefu na haukumdhuru mtu. Huu ulikuwa na maneno matatu.

Baada ya hapo nilikuwa naenda jioni tunacheza bao, tunakunywa chai, napima maji ya kuoga kama kawaida. Miguu sikuiangalia tena. Boksi la kitandani alilitoa nje, akasema linamkumbusha hospitali. Kazini alitembea mitaa yote sita, na kwenye mtaa wa tano, wenye mlima, aliwapita vijana.

Mpwa wangu, binti yao wa pekee, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate mji wa pili, na huja siku zake za mapumziko. Alikuja Jumamosi, mwezi wa pili baada ya ile kliniki. Alipiga deki sebuleni. Baba yake akarudi kutoka kwenye mzunguko, akapita, akakaa kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa nawasimulia habari za mbwa wa mtaa wa tatu, kwamba sasa amejifunza kusoma mita naye ataajiriwa, na Mita anacheka kikombe mkononi. Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu.

Kwenye saruji yenye maji palikuwa na alama, ndogo, ya duara, rangi ya chai nyepesi. Moja mlangoni. Moja hatua ya pili. Zilikuja moja moja hadi kwenye kiti, chini ya kiatu cha kulia.

"Baba, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

"Vua kiatu."

"Mwanangu, ndiyo kwanza nimekaa."

Akapiga goti mwenyewe, akafungua kamba. Harufu ilitoka kabla ya mguu. Soksi ilikuwa imeshikana na unyayo, akailowesha kwa maji ya bakuli, akaivuta polepole, na Mita muda wote alikuwa anamwangalia kichwani, usoni mwake hamna hata mkunjo. Kwenye unyayo, chini ya kidole kikubwa, palikuwa na shimo. Ndani ya shimo kulikuwa na lakiri ya madini ya risasi, vile vidude vidogo vya kufungia mita visifunguliwe na watu, pamoja na kipande cha waya wake. Msoma mita hubeba mfuko mzima wa lakiri. Moja ilikuwa imedondoka toka mfukoni mwa suruali iliyotundikwa ikaingia kwenye kiatu, naye alikuwa amevaa na kuitembelea. Siku nane, daktari alikadiria baadaye. Pengine kumi.

Mita aliiangalia lakiri kwenye kiganja cha binti yake. "Hiyo ni yangu," alisema, kama mtu aliyeletewa kitu alichopoteza.

Mpwa wangu aligeuka kwangu. "Mjomba, si uliniambia kwenye simu unamwangalia kila jioni?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo. Mara nne au tano.

Hospitali walimlaza siku hiyo hiyo. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye fundo na weusi ulikuwa umeanza kupanda. Asubuhi ya pili alikuja daktari mkubwa, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na yule muuguzi wetu wa kliniki akiwa nyuma yake na faili. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumesimama upande wa dirisha.

"Hapa pameandikwa tisa kwa kumi," daktari alisema. "Miezi miwili iliyopita. Mtu anayehisi tisa kwa kumi hatembei siku nane juu ya risasi. Nani alipima?"

"Mimi," muuguzi alisema.

"Na ukamtoa kwenye orodha ya viatu."

"Ndiyo, daktari."

"Na ukampa miezi sita."

"Ndiyo." Alikuwa anaitazama mikono yake, ile mikono isiyo na haraka, anaigeuza. "Nilipima vibaya. Sijui nilipimaje. Nimejiuliza tangu jana."

Daktari alisema itabidi aandike maelezo, na kwa sasa asipime wagonjwa mpaka jambo hilo litazamwe. Alisema bila kelele. Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akafunga faili, akaanza kuondoka.

Mita alinitazama kutoka kitandani, akatikisa kichwa kidogo tu, kushoto na kulia. Nilimwelewa. Alikuwa bado anahesabu: mguu utapona, atarudi kwenye mzunguko, barua haijaandikwa. Nikisema, imeandikwa. Na mimi pia sikutaka kusema. Nilikuwa na mpwa wangu pembeni, bega lake linagusa langu.

"Sista," nikaita. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mikono yako haina kosa. Ni dole langu."

Nikawaeleza yote, bega, mazoezi ya jioni tatu, ile moja ya kukosa makusudi. Daktari alinisikiliza hadi mwisho. Mimi nimezoea watu kunisikiliza, lakini si hivyo. Nilipofika kwenye zile mara mbili nilizolizuia dole, Mita akageuza kichwa ukutani.

"Kwa hiyo ulijua," alisema kwa ukuta.

"Nilijua."

"Na ukaniambia uliona."

Nilihisi baridi kwenye bega, nikagundua mpwa wangu amesogea.

Daktari aliniambia nikasimame kule mlangoni, mbali na kitanda. Akamwambia muuguzi apime upya. Nilisimama nimeegemea fremu ya mlango, mikono nimeifunga mgongoni kama mwanafunzi. Muuguzi alitoa uzi wake mfukoni.

"Fumba macho, baba. Nikikugusa ukahisi, sema ndiyo."

Alianza na mguu wa kushoto, ule mzima. Aligusa unyayo mara kumi. Kitanda cha jirani mtu aliacha kutafuna mkate. Kumi zote zikapita bila ndiyo. Akapanda juu ya kisigino, juu ya fundo, juu ya muundi, anagusa na kungoja, anagusa na kungoja, na kila mahali Mita alikuwa amekunja uso kwa nguvu, anasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Karibu na goti akasema, "Ndiyo." Kisha akauliza, macho bado yamefumba, "Hapo ni wapi, Sista? Ni kwenye kidole?"

Muuguzi alimfunika mguu kwa shuka, akakumbuka, akalifunua tena. Alipopita mlangoni alisimama mbele yangu. Nilitegemea tusi, na ningelipokea.

"Kwa nini hamkuniambia anaipenda ile kazi?" aliuliza. "Barua naandika mimi. Ningeandika nusu mzunguko. Mitaa mitatu, na viatu, na kupumzika mchana. Nimewaandikia watu wengi hivyo. Mngesema tu."

Alikuwa anangoja jibu kweli. Nilimwambia hatukujua kama inawezekana. Akasema, "Hamkuuliza," akaenda zake.

Mguu ulikatwa Jumanne, chini ya goti.

Mpwa wangu aliacha kiwanda cha mikate akahamia kwa baba yake. Ni yeye anayeangalia mguu uliobaki sasa, asubuhi na jioni, na tochi. Anafanya kama fundi saa. Mimi naruhusiwa kuja. Hajanifukuza, hajanitukana, ananiwekea kiti na kikombe. Lakini tangu siku ile ya wodini haniiti mjomba. "Karibu, mzee," anasema, kama anavyomwambia mtu yeyote mwenye mvi anayepita njiani.

Mita mwenyewe alikaa wiki tano bila kunisemesha. Wiki ya sita nilimkuta kwenye kiti chake, jasho linamtiririka, ameshika hewa mahali ambapo mguu ungekuwa.

"Unawaka," alisema. "Haupo, na bado unawaka. Vidole vyote vitano. Hebu nieleze, wewe mwenye hadithi."

Nilifungua mdomo. Kwa kawaida kitu huja chenyewe. Hakikuja. Nikakaa chini sakafuni karibu na kiti mpaka ikapungua, na hakuniambia niondoke.

Mwisho wa mwezi ule, asubuhi, tulisikia mfuniko wa mita pale langoni ukigongwagongwa. Mpwa wangu akafungua. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sare ya ofisi ya maji iliyompwaya mabegani, ndoano mkononi na kitabu cha mzunguko kwapani. Alikuwa amekaa dirisha la malipo miaka kumi na sita, alisema, na sasa wamempa mitaa hii. Hii ilikuwa nyumba ya saba na jua lilikuwa tayari limemchosha. Mifuniko mitano ilikuwa imemshinda kufungua. Njiani, mtaa wa tatu, mbwa alikuwa amemchania kitabu.

"Waliniambia nikikwama nije kwa mzee Mita," alisema mlangoni. "Samahani. Sikujua kama..." Macho yake yalikwenda chini, yakarudi juu haraka.

"Kaa," Mita alisema. "Una kalamu?"

Akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikasimama.

Mita alifumba macho akaanza kutembea. Nyumba ya kwanza, lango la kijani, mita ipo nyuma ya pipa, usimwombe mwenye nyumba asogeze, atanuna mwezi mzima, sogeza mwenyewe. Nyumba ya pili, kioo kina ukungu, subiri saa nne jua likipiga utasoma. Nyumba ya nne kuna mama haoni vizuri, mwambie namba kwa sauti, anapenda kuzisikia. Ya tisa namba zimepanda tangu mwaka jana, ni mapacha, usiandike kwamba bomba linavuja. Mbwa muite mkwe, usimtazame meno. Yule mama aliandika, anageuza ukurasa, anaandika. Mpwa wangu alikuwa amesimama na sufuria mkononi, amesahau alichokuwa anakwenda kufanya nayo.

"Kwa fundi viatu, mtaa wa pili, mfuniko umeshika kutu," Mita alisema. "Usivute kwa ndoano, utaumia mgongo. Simama upande wa ukuta. Piga mara moja kwa kisigino, kwa nguvu, hivi, utaruka wenyewe."

Paja lilinyanyuka kumwonyesha. Mguu wa suruali, uliokunjwa na kufungwa kwa pini, ulipiga hewa mara moja ukatua juu ya mto.

Alifumbua macho.

"Kisigino cha kulia," akamalizia.

"Cha kulia," yule mama alirudia huku akiandika, hakuinua kichwa. "Endelea, mzee."

Akaendelea. Zilikuwa zimebaki nyumba mia moja na themanini.